'Outlive' haihesabu umri

Nahariri tafsiri za Kiingereza kwenda Kiswahili, na kitenzi kinachonisimamisha kila mara ni 'outlive'. Wengi huandika "aliishi muda mrefu kuliko". Sentensi inasomeka vizuri, ila inaweza kusema uongo.

Mchukue Catherine Parr, mke wa sita wa Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza. Henry alifariki Januari 1547 akiwa na miaka 55. Catherine akafa Septemba 1548, siku chache baada ya kujifungua, akiwa na miaka kama 36. Kwa Kiingereza, Catherine 'outlived' Henry, hakuna ubishi. Lakini ukiandika kwamba aliishi muda mrefu kuliko mumewe, umempa miaka karibu 20 ambayo hakuiona. Kitenzi hiki kinauliza nani alizikwa kwanza na nani alibaki.

Asili yake ni 'out' na 'live', zilizounganishwa karne ya 15. 'Out' peke yake ni nje, lakini ikitangulia kitenzi mara nyingi huleta maana ya kupita au kushinda: 'outrun' ni kumshinda mtu mbio. 'Live' ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mzizi wake wa kale ulimaanisha kunata, kisha kubaki, na 'bleiben' ya Kijerumani, yaani kubaki, imechipuka hapohapo. Kumbe kubaki kumo ndani ya neno tangu mwanzo!

'Survive' imejengwa vivyo hivyo, ila kwa Kilatini, ikaingia kupitia Kifaransa. Hiyo unaweza kuitumia peke yake kwa aliyenusurika ajalini. 'Outlive' lazima iwe na yambwa: umebaki baada ya nani, au ya nini? Katika Henry V, tamthilia juu ya Henry wa Tano, Shakespeare anampa mfalme huyo maneno juu ya askari 'atakaye-outlive' siku ya vita vya Agincourt vya 1415. Hapo ningeandika tu "atakayetoka hai siku hii".

Kwa watu wawili, Kiswahili kina neno ambalo watafsiri hulisahau ingawa hulitamka kila msibani: kutangulia. "Henry alimtangulia Catherine kwa miezi 19." Mtendaji amegeuka, sasa ni marehemu, lakini umri haujaguswa. Na kama aya inamhitaji Catherine aongoze sentensi, naandika: "Catherine alibaki miezi 19 baada ya Henry kufa."