Sina mzuka, na ruti ni mbovu: yanayosemwa kuhusu kilomita 42 na yaliyo kweli

Niliwahi kukimbia marathoni moja ya mjini, jina tuliache, ambayo ruti yake ilikuwa mizunguko minne. Unatoka uwanjani, unakwenda hadi kwenye koni ya plastiki iliyowekwa katikati ya barabara, unaizunguka, unarudi. Kisha tena. Mzunguko wa tatu nilipofika, koni ilikuwa imegongwa na bodaboda, imelala ubavu, na kijana aliyewekwa kuandika namba za wapitao alikuwa chini ya mwarobaini na simu yake. Nikaiinua koni, nikaisimamisha, nikaizunguka. Ilikuwa kilomita ya 26 na nilikuwa na hasira na kila kitu: lami, jua, aliyechora ile ruti, na mimi mwenyewe niliyetoa hela yangu ili nije niteswe.

Nikiikumbuka leo, naona nusu ya hasira ile niliibeba kutoka nyumbani. Kichwani nilikuwa na rundo la mambo niliyoyaokota kwenye klabu ya jogingi, na karibu yote yalikuwa yananidanganya kwa wakati mmoja.

"Mkimbiaji wa kweli huamka na mzuka"

Naanza na hili kwa sababu linakuharibia siku kabla hujavaa viatu. Saa kumi alfajiri ni wachache wenye mzuka. Joto la mwili liko chini, viungo vimekaza, tumbo halijui kinachoendelea. Ukijipima hamu saa hiyo utapata sifuri, na sifuri hiyo haikwambii lolote kuhusu kilomita ya 15. Mimi nimejiwekea sheria: sijiulizi kama nataka kukimbia mpaka niwe nimekimbia dakika ishirini.

Lipo pia jambo ambalo wengi tunaliita uvivu kumbe ni kichwa kuchoka. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, waliwapa watu kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi wapige pedali mpaka washindwe. Siku nyingine watu hao hao walitazama filamu tulivu badala ya ile kazi. Baada ya filamu walidumu sekunde 754 kwa wastani. Baada ya kazi ya akili, 640. Moyo na misuli havikuonyesha sababu ya tofauti hiyo, na hata hamu yao ya kufanya vizuri haikuwa imepungua. Zoezi lilikuwa lile lile, ila wao waliliona zito zaidi.

Sasa fikiria Jumamosi yako ya kabla ya mbio. Foleni ya kuchukua namba, simu za ofisini, kutafuta chumba cha kulala mji wa watu, kubishana kuhusu fulana iliyokuja saizi ya mtoto. Jumapili unajiambia huna moyo. Moyo upo, kichwa ndicho kimeishiwa. Siku hizi nachukua namba mapema au namtuma mtu, na Jumamosi jioni simu naizima.

Lakini kuna kutokuwa na hamu asubuhi moja, na kuna kutokuwa nayo wiki tatu mfululizo huku usingizi hauji na mapigo ya moyo yako juu kuliko kawaida unapoamka. Hiyo ya pili si ya kusukumwa kwa maneno matamu. Inaweza kuwa mazoezi yamezidi, au damu imepungua, au malaria inapiga hodi. Na ukiwa na homa, usikimbie kabisa, hata kama umelipia hoteli. Kukimbia na maambukizi mwilini kunaweza kuudhuru msuli wa moyo.

"Ruti imezidi, saa yangu inasema 42.7"

Utalisikia hili kwenye kila mstari wa kumalizia, na mimi nimewahi kulisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Urefu rasmi ni kilomita 42.195. Ulikimbiwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908, kutoka kasri la Windsor hadi uwanjani, na ukafanywa wa kudumu mwaka 1921. Ruti iliyopimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Mpimaji hufuata njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kuipita kihalali: kwenye kona anajibana, sentimita 30 tu kutoka ukingo. Kisha huongezwa moja kwa elfu, yaani kama mita 42, ili ruti isije ikapungua.

Wewe hukupita njia hiyo. Ulipita nje ya kona kwa sababu ndani kulikuwa na kundi. Ulivuka barabara kufuata kivuli, ukavuka tena kufuata meza ya maji, ukaenda kumpa mwanao mkono. Saa nayo hubahatisha kidogo, hasa penye maghorofa na miti. Mita mia tano za ziada zinapatikana hivyo, bila mtu kukuibia. Jambo la kufanya ni kutoiamini saa kilomita za mwisho, fuata vibao. Mtu aliyejiandaa kumaliza saa inaposoma 42.2 halafu akaona bado kuna kona mbili huvunjika vibaya kuliko aliyepanda mlima.

Sisemi kila mbio imepimwa. Hapa kwetu zipo zilizopimwa kwa pikipiki ya mwenyekiti. Uliza kabla ya kulipa kama ruti ina cheti cha mpimaji.

"Panda kwa nguvu, mteremko utakulipa"

Hauwezi kulipa deni lote. Unachopoteza kupanda ni kingi kuliko unachorudishiwa kushuka, na kushuka kuna gharama yake: misuli ya mapaja inakuwa breki, inajikaza huku inavutwa irefuke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoichana vibaya. Ndiyo maana Jumatatu unashuka ngazi kinyumenyume.

Wanaokwenda Moshi wanalijua hili. Kilimanjaro Marathon ipo tangu 2003, na kwa miaka mingi ruti yake ya 42 imekuwa na ujanja mmoja: nusu ya kwanza inakupeleka barabara kuu ya kuelekea Dar na kukurudisha mjini, pasipo mlima wa kutisha, Kibo inang'aa alfajiri, unajiona bingwa. Kisha inakuelekeza juu, Mweka, katikati ya migomba na kahawa, wakati miguu imeshatumika na jua limeshatoka. Mlima ule si mkali. Ni mrefu tu, na umekuja saa mbaya. Aliyekimbia nusu ya kwanza kwa furaha ndiye utakayemkuta ameshika kiuno.

Marathoni ya Boston, Marekani, ni vivyo hivyo. Kile kilima chao mashuhuri, Heartbreak Hill, kinapanda mita 27 tu, mtoto wa milima ya Lushoto angekicheka. Lakini kipo karibu na kilomita ya 33, baada ya safari ndefu inayoteremka na kukuponza uende mbio. Juma Ikangaa aliijua barabara hiyo kwa machungu: wa pili mwaka 1988, sekunde moja nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya, wa pili 1989, na 1990 akatoka mbele kwa kasi kubwa tangu mwanzo, Gelindo Bordin wa Italia akaja akampita. Alphonce Simbu naye akawa wa pili 2025. Boston inatupenda Watanzania, ila kwa nafasi ya pili.

Kwa sisi wa kawaida maana yake ni moja. Kwenye mlima usilinde dakika zako kwa kila kilomita, linda pumzi. Ukiweza kusema sentensi fupi unapopanda, uko sawa, saa iseme itakavyo. Hapo hasira nyingi za ruti ya milima zinaisha, kwa sababu nusu yake huwa ni hasira ya kuona dakika za kila kilomita zinapanda.

"Mizunguko ndiyo inayoua"

Inachosha macho, sikatai. Lewa kule Kenya, mbio za kila Juni ndani ya hifadhi ya wanyama, barabara ya vumbi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, wanaokimbia 42 huzunguka duara la kilomita 21 mara mbili. Maana yake unafika walipo wenzako wa nusu marathoni, wamevaa medali, wanakunywa, na wewe unakunja kona kuanza upya.

Lakini mizunguko inakupa kitu ambacho ruti ya moja kwa moja haina, yaani habari. Mara ya pili unajua mlima unaishia kwenye mti upi, maji yako wapi, upepo unakupiga upande gani. Kosa langu kwenye ile ya koni lilikuwa kuhesabu: umebaki mmoja na nusu, umebaki mmoja na robo. Siku hizi mzunguko wa kwanza nachagua vitu vitatu, mfano duka la rangi, daraja, geti la shule, na kinachofuata ndicho pekee ninachokimbilia. Ni hila ya kitoto. Inafanya kazi.

"Kilomita ya 32 ni moyo tu"

Wanaosema hivi huwa wamekaa kwenye kiti.

Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na akiba hiyo kwa watu wengi inaanza kuisha mahali fulani baada ya kilomita 30. Mafuta mwilini yapo tele, lakini yanatoa nguvu polepole. Ubongo nao unataka sukari, ikishuka unakuwa mkali, unanung'unika, unachukia koni. Ile hasira yangu ya kilomita ya 26 kwa sehemu kubwa ilikuwa njaa, kwani nilikuwa nimekunywa maji matupu tangu asubuhi.

Kipimo kinachotajwa sana ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Si lazima jeli ya wakimbiaji ya bei ghali. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25, soda ya mililita 300 ina kama 30. Mimi hubeba tende zilizotolewa kokwa, kwenye kimfuko cha nailoni ndani ya kaptula. Zinakuwa zimepondana na zina chumvi ya jasho, lakini zinaliwa. Anza kula dakika ya 40, ukiwa bado mzima. Ukisubiri mpaka uchukie dunia, umechelewa.

Na kama tumbo limekataa? Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baiskeli kinywaji cha wanga wasukutue mdomo na kutema, bila kumeza, wakati wa jaribio la kama saa moja. Walikwenda haraka zaidi kwa karibu asilimia 3. Mdomo ulionja, ubongo ukalegeza kamba. Kwa hiyo soda ya kusukutua kilomita ya 38 si uchawi.

Maji sasa. "Kunywa kila meza" ni ushauri mbaya, hasa kwenye ruti ya mizunguko ambako meza moja unaipita mara nane. Maji yakizidi, chumvi ya damu inashuka, na hali hiyo inaweza kuua. Wakimbiaji 488 walipopimwa damu Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa nayo. Kunywa kiu ikikwambia.

"Ukitembea, umeshindwa"

Kanuni za marathoni hazikatazi kutembea. Dakika moja ya kutembea kila kituo cha maji, uliyoipanga tangu mwanzo, hukuokoa na dakika ishirini za kutembea kwa lazima mwishoni.

"Shujaa haachi mbio"

Kila Mtanzania amesimuliwa John Stephen Akhwari: Mexico City, 1968, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Aligongana na wenzake akaanguka, akaumia goti, akaendelea na bandeji. Walianza 75, wakamaliza 57, naye akawa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Ni hadithi ya kweli na ni yetu. Tatizo ni kwamba tumeigeuza fimbo ya kumpigia kila mwenye goti bovu.

Iweke karibu na ya Paris, Agosti 2024. Ruti ile ilifuata kumbukumbu ya wanawake walioandamana kwenda Versailles mwaka 1789, na ilikuwa na mita 436 za kupanda. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, mgongo ukamuuma, akatembea, akasimama baada ya kilomita 30. Hakuwahi kuacha marathoni kabla ya siku ile. Ukimwita mwoga, utabaki na nani?

Mimi natenganisha hivi. Maumivu ya sehemu moja, makali, yanayobadilisha namna unavyokanyaga: simama. Kizunguzungu, kifua kubana, jasho kukauka juani, kuongea ovyo: simama, uite mtu. Uchovu wa mwili mzima na chuki ya ruti: hapo usiamue chochote kwanza. Kula kitu, tembea mpaka kituo kinachofuata, ndipo ujiulize. Ukifika na jibu ni lile lile, vua namba yako, umpe msimamizi ili wasikutafute, panda bajaji urudi hotelini.

Ile ya mizunguko minne niliimaliza. Medali zilikuwa zimeisha. Dada mmoja aliyekuwa anafunga meza alinitazama, akatafuta chini kwenye kreti, akanipa ndizi mbili zilizopondeka, na nikazila nimesimama pale pale.