Kwa nini ngoma mbili za Kisukuma hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja?

Ukienda Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi Juni, utakuta jambo linalomchanganya kila mgeni. Makundi mawili yako uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na yote yanaimba kwa mpigo. Hakuna anayesubiri zamu. Vumbi linatimka, sauti zinapishana, na watazamaji wanahama kutoka upande mmoja kwenda wa pili na kurudi tena.

Kuhama huko ndiko kunakotoa mshindi. Kwa desturi ya Usukumani, kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda, na hakuna njia ya kupima mvuto huo kama watu hawana mahali pengine pa kwenda. Ndiyo maana ngoma hizi hazipokezani: mtazamaji anatakiwa achague, na achague kwa miguu.

Asili ya mpango huu inasimuliwa kupitia waganga wawili wa katikati ya karne ya 19, Ngika na Gumha. Walibishania dawa ya nani ina nguvu zaidi katika kuvuta watu kwenye ngoma, wakaamua kucheza ili ijulikane. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mgawanyiko huo upo mpaka leo. Kundi la ngoma la Kisukuma, liwe la wacheza na nyoka au la wacheza na majembe, kwa kawaida lina upande wake kati ya hizo mbili. Bulabo yenyewe ilikuja baadaye. Ilianzia kwenye maandamano ya Kikatoliki ya sikukuu ya Ekaristi, yakapata ngoma kwa sababu Padri David Clement, mmisionari aliyeanzisha kituo cha Bujora miaka ya 1950, alitaka mila za Wasukuma ziwe na nafasi ndani ya uwanja wa kanisa.

Sasa mfikirie manju. Anatunga akijua kwamba msikilizaji wake anaweza kumpa kisogo katikati ya ubeti, mbele ya macho yake, na kwenda kumshangilia mpinzani. Naamini hapo ndipo ulipo ufunguo wa muziki huu wote. Wimbo hauwezi kuchelewa kufika kwenye jambo. Manju anajitaja jina na ukoo, anampiga mpinzani mafumbo na kejeli, anatupa habari ambayo watu wameizungumza wiki nzima kilabuni na gulioni. Bei ya pamba imeimbwa mno, na si ajabu: pamba ndiyo iliyojenga ushirika mkubwa wa Kanda ya Ziwa miaka ya 1950, enzi za kiongozi wake Paul Bomani. Ukame umeimbwa. Sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, nao wakaingia kwenye nyimbo. Habari ikishazeeka, wimbo wake hauvuti tena, na manju anarudi kutunga.

Mapigo anayatoa wapi? Shambani. Wasukuma wamelima kwa vikundi tangu zamani, wakiitwa kwa mwenye shamba kubwa na kulipwa chakula, mifugo au fedha. Mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, na majembe yanashuka pamoja. Mtu anayelima hana pumzi ya kiitikio kirefu, kwa hiyo kiitikio ni kifupi, kinarudi upesi, na kinamshika hata asiyekijua. Manju anabeba maneno mengi. Umati unabeba machache. Ngoma ya bugobogobo imetoka moja kwa moja kwenye kazi hiyo, na wachezaji wake bado wanarusha majembe hewani na kuyadaka bila kukosa pigo. Ukiwatazama utaelewa kwa nini mgeni asiyejua neno la Kisukuma anajikuta anaitikia.

Dawa za mvuto bado zinatajwa sana, na mimi sioni sababu ya kuzicheka. Kwa wenyewe, kumvuta mtu asimame jua kali akusikilize wewe na kumwacha mwingine ni nguvu, na nguvu hutafutwa. Ila dawa haijawahi kumwondolea manju kazi ya kutunga.

Kinachonisumbua ni spika. Siku hizi nyimbo za asili zinarekodiwa kwa kinanda na gitaa, zinasambaa kwa simu na memori kadi, na waimbaji wanapata kipato kwa kualikwa harusini na kumtaja mwenye shughuli kwa sifa. Hilo ni jema, na wanastahili. Lakini spika kubwa zikiingia kwenye mashindano, mwenye mashine yenye nguvu anamfunika mwenzake, na watazamaji hawasikii tena upande wa pili ili wachague. Ningekuwa na sauti katika kuandaa, ningeziacha langoni: ngozi, majembe na makoo ya watu yalitosha kuugawa umati.

Ukipata nafasi ya kwenda Juni, usikimbilie duara la kwanza unaloliona. Simama katikati kwanza, sikiliza viitikio vya pande zote mbili, mwulize jirani yako manju amemsema nani. Atakutafsiria kwa furaha, na huenda akakuvuta mkono uende upande wake.