Je, wajua kwa nini vinyonga wa milima ya Mbeya hufa kwa wingi mikononi mwa wafanyabiashara?

Katika misitu ya Poroto na Mlima Rungwe yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe 3 fupi puani. Jina lake la kisayansi ni Trioceros fuelleborni, na makazi yake ya asili ni nyanda hizi za juu kusini tu, kwingine duniani hayupo. Huku kwetu wengi humwogopa na kumkwepa. Ulaya, Marekani na Japani wapo wanaomfuga sebuleni, na kwa miaka mingi waliuziwa waliokamatwa porini. Wengi wa hao wa porini hufa safarini au muda mfupi baada ya kufika. Chanzo kikubwa ni bei.

Mkamataji kijijini hulipwa kiasi kidogo sana kwa kila mnyama, kwa kuwa hakuna aliyetumia hata senti kumlisha wala kumkuza. Msafirishaji akipoteza nusu ya mzigo, waliobaki bado wanamrudishia fedha yake na faida juu, maana bei ya ughaibuni ni mara nyingi zaidi ya ile ya kijijini. Kumpa kila kinyonga mfuko wake wa pamba, kumnyunyizia maji, kumweka penye ubaridi na kumwita daktari wa mifugo ni gharama kubwa kuliko kuagiza mwingine. Basi vifo huingizwa kwenye hesabu mapema, kama mchuuzi wa nyanya za Ilula anavyokadiria zitakazopondeka kabla ya kufika Dar.

Mwili wa mnyama huyu hauvumilii biashara ya namna hiyo. Amezoea mwinuko wa takriban mita 2,000, ambako usiku ni wa baridi kali na mwili wake hupumzika humo. Ukimtoa huko ukamsafirisha zaidi ya kilomita 800 hadi ghala la Dar es Salaam lenye joto la nyuzi 30, akangoje safari humo, anaanza kudhoofu kabla hajaiona ndege. Tena hajui kunywa kwenye bakuli: hulamba matone ya umande na mvua majanini. Asiponyunyiziwa hukaukiwa hata kama bakuli limejaa mbele yake. Macho hudidimia, ngozi ya ubavuni huvutika na kubaki na mikunjo, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi hugeuka njano au rangi ya chungwa. Ukiona rangi hiyo ujue ameshakaukiwa maji. Pia ni mnyama mpweke. Wakisongamana kwenye kizimba kimoja huishi kwa hofu, rangi huwa nyeusi, kinga hushuka, na minyoo aliyokuwa akiishi nayo porini bila tabu huongezeka hadi kumuua.

Kuna na suala la majike wenye mimba. Baadhi ya vinyonga wa milima yetu, kama Trioceros werneri wa Udzungwa, huzaa watoto badala ya kutaga. Jike akikamatwa na mimba akazalia kizimbani, watoto huuzwa kama wa kufugwa, ilhali mama yao ametolewa msituni. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya vinyonga hawa, hutaka kibali kioneshe asili kwa herufi: W ni wa porini, R amechukuliwa porini akiwa yai au mtoto akakuzwa, F amezaliwa kizimbani lakini hajafikia masharti ya C, na C ni wa wazazi waliofugwa. Mnunuzi mwenye nia njema asikubali chini ya C, na aombe kuonyeshwa wazazi.

Wapo wanaosema biashara hii humpa mwanakijiji sababu ya kulinda msitu. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu analipwa kwa idadi ya wanyama anaowatoa, si kwa miti iliyobaki. Katika msitu wa Kimboza, Morogoro, wakamataji wa mjusi wa buluu, Lygodactylus williamsi, walikata miti ya mikadi anamoishi ili wamfikie, na msitu ukapoteza mijusi wengi pamoja na makazi yao. Mwaka 2017 mjusi huyo aliingizwa Kiambatisho cha I cha CITES, na biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikapigwa marufuku.

Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi 6 ya kumalizia wanyama waliokuwa kwenye mazizi, ikasimamishwa papo hapo. Kwa hiyo kinyonga wa Poroto anayeuzwa leo kama wa porini, kwa karatasi za nchi nyingine yoyote, anatia shaka: huko hana msitu wa asili.

Hata kinyonga huyo akikamatwa na maofisa, kumwachia Pugu au kwenye bustani yoyote ya Dar hakumwokoi. Sharti apimwe minyoo, atengwe na wengine, kisha arudishwe kwenye mlima uleule alikotolewa. Anayemkuta sokoni au ndani ya basi asimnunue kwa huruma, maana hiyo fedha ndiyo inayomrudisha mkamataji msituni. Apige simu kwa maofisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.