Staa kaumwa shoo ya nne, sasa nani anaingia?

Tarehe 23 Desemba 2021, saa sita mchana za New York, Kathy Voytko anafika kazini ukumbi wa Winter Garden pale Broadway, anaambiwa usiku wa leo Marian ni wewe. Marian Paroo, yule mkutubi, muhusika mkuu wa kike wa The Music Man, mchezo wa kuigiza wa nyimbo, nafasi ya Sutton Foster ambaye kipimo chake cha korona kilikuwa kimetoka chanya. Saa saba akaanza mazoezi yake ya kwanza kabisa kama Marian. Ya kwanza jamani, sio marudio. Usiku akapanda jukwaani pembeni ya Hugh Jackman, staa wa kiume wa shoo, na mwisho wa shoo Jackman akatuliza makofi, akamvuta mbele, akawaambia watu huyu dada mchana alipoingia kazini angeweza kupangiwa nafasi yoyote kati ya nane. Video ile nadhani wengi mmeiona, ilizunguka sana.

Watu waliipokea kama habari ya ushujaa, na ni ushujaa kweli, ila mimi kazi yangu ni umeneja wa jukwaa na kitu kilichonigusa zaidi ni kwamba ile ilikuwa shoo ya nne. Majaribio, yaani zile shoo za watazamaji za kabla ya ufunguzi, yalianza tarehe 20, ufunguzi rasmi ulikuja kuwa tarehe 10 Februari 2022. Kumshikia staa nafasi shoo ikiwa na miezi sita na kumshikia ikiwa na siku 3 ni kazi mbili tofauti kabisa, na mtazamaji aliyekaa pale kwenye kiti hana namna ya kujua hilo asipoambiwa.

Utaratibu wa kawaida uko hivi. Wiki zote za mazoezi ni za wahusika wakuu, wasanii wa akiba, wale wa kushika nafasi mtu akikosa, wanakaa ukutani na daftari na penseli wanaandika. Baada ya hapo mnahamia ukumbini kwa mazoezi ya ufundi, yaani taa, sauti, mitambo ya kusogeza seti, mnashinda humo mpaka usiku na dakika 1 ya shoo inaweza ikala saa nzima. Alafu ndo yanakuja majaribio, tiketi zinauzwa kama kawaida lakini shoo bado inapikwa, mchana muongozaji anabadilisha, usiku mnaonyesha alichobadilisha, beti inakatwa, mlango wa kutokea unahamishwa kushoto, dansi inaongezwa hatua nane. Na mazoezi ya wa akiba mara nyingi yanaanza baada ya ufunguzi rasmi, kwa sababu muda wa jukwaa ni ghali na hakuna anayetaka kumfundisha mtu leo kitu ambacho kesho kitafutwa. Mchezaji wa akiba wa mpira anafanya mazoezi na timu kila siku na mpira anaugusa, huyu wa kwetu kipindi hicho anaweza akawa hajawahi hata kusimama kwenye jukwaa lenyewe na taa zimewashwa.

Na sio kila wa akiba ni wa aina moja. Kuna andastadi ambaye kila usiku yumo kwenye kundi la waimbaji na wachezaji, muhusika mkuu akikosa anapanda, na pengo lake la kwenye kundi inabidi lizibwe na mtu mwingine. Kuna stendibai, huyu hayumo kwenye shoo, anashika mtu mmoja au wawili wakubwa na kazi yake ni kuwa karibu na tayari. Alafu kuna swingi, na hapa naomba mnielewe vizuri kwa sababu hawa ndo wanaobeba nyumba. Swingi hayumo kwenye shoo lakini kichwani ana watu sita, nane, wengine kumi. Kathy Voytko alikuwa swingi.

Daftari la swingi ukilifungua utadhani ni hesabu. Mbele ya jukwaa kuna namba, sifuri katikati, alafu mbili, nne, sita kwenda kulia na kushoto, na kila muhusika ana rangi yake: wa kijani hesabu ya tano yuko kwenye nne ya kushoto, anapokea kikapu kwa mkono wa kulia, anatoka bawa la pili, yaani njia ya pembeni ya jukwaa, ana sekunde 40 za kubadilisha gauni, anarudi kutokea nyuma. Ukurasa mzima ni huo, na wa njano ana ukurasa wake kwa wimbo ule ule, kwa hiyo usiku akiwa wa njano mwili unataka kwenda kwa kijani na inabidi aukatalie. Ndo maana kikosi cha mazoezi ya dharura kikikutana mchana hatuanzi na kuimba. Tunaanza na mambo yanayoweza kumuumiza mtu: kunyanyuliwa na mwenzake, ngazi, seti zinazotembea zenyewe, gizani anasimama wapi. Maneno na nyimbo tunaamini anazo. Zikibaki dakika ndo tunapitia vipande vya mapenzi.

Mavazi nayo ni vita yake. Shoo ikiwa mpya gauni la wa akiba linaweza likawa halijashonwa, kwa hiyo mafundi wanachukua la staa, wanafumua, wanabana, wanatafuta viatu. Maikrofoni inafichwa kwenye nywele chini ya wigi, na wigi limetengenezwa kwa kichwa cha mtu mwingine. Fundi sauti anafuata mstari kwa mstari na kidole, anafungua na kufunga, na huyu mpya anavuta pumzi sehemu ambayo staa havuti. Muongoza orkesta hivyo hivyo. Hata mimi kwenye kiti changu, kuna amri za taa ambazo nimezifunga kwenye mkono wa staa, akiugeuza tu nasema twende, sasa usiku huo mkono ni wa mtu mwingine na hauna uzito ule ule, basi naacha kuangalia mkono nasikiliza pumzi. Jengo zima linamfuata yeye, na yeye anatufuata sisi, na watazamaji hawaoni chochote zaidi ya mwanamke anayeimba.

Upande wa watazamaji sasa. Aprili 2016, London Coliseum, Sunset Boulevard imerudishwa jukwaani na jina kubwa ni Glenn Close, watu wamelipa kumuona yeye. Akalazwa na maambukizi ya kifua. Akaingia Ria Jones, na siku hiyo kuna waliozomea na kuna waliodai hela zao hata kabla hajafungua mdomo, na mwisho wa shoo ukumbi ukasimama. Ambacho wengi wao hawakukijua ni kwamba Norma Desmond, muhusika mkuu wa shoo ile, Ria Jones alikuwa amemuimba tangu 1991, kwenye majaribio ya awali ya tamasha la Sydmonton huko Uingereza, kabla shoo haijafunguliwa London 1993. Mwaka uliofuata, 2017, akaizungusha Uingereza akiwa ndo jina kuu.

Simlaumu anayedai hela yake. Broadway jina la staa likiwa juu ya jina la shoo na yeye hayupo, una haki ya kurudishiwa au kubadilishiwa tiketi, na ni sawa, mtu kasafiri, kajinyima. Ila kuzomea, hapana. Na kinachoniuma zaidi ni pale dharau inapotoka ndani: mwezi ule ule wa Kathy Voytko, kiongozi wa juu wa umoja wa wenye kumbi na maprodyuza wa Broadway alisema kwenye mahojiano kwamba shoo zinafungwa kwa sababu wa akiba hawafanyi kazi kwa ufanisi kama wenye nafasi. Aliomba radhi baadae. Lakini Desemba ile omicron, ile aina ya korona, inafagia wasanii, shoo zilizobaki wazi zilibebwa na hao hao.

Kuna ambako mambo yamesogea kidogo. Funny Girl ya 2022, ukumbi wa August Wilson, Julie Benko, wa akiba, alianza kumshikia staa Beanie Feldstein wiki ile ile ya ufunguzi, kisha Feldstein alipoondoka akaibeba shoo karibu Agosti yote, na Lea Michele alipoingia Septemba kama staa mpya, Benko akapewa siku yake rasmi, Alhamisi, imetangazwa, tiketi zinauzwa kwa jina lake.

Mimi ningeomba vitu viwili tu kwa maprodyuza wanaorudisha shoo za zamani kwa mgongo wa staa mmoja. Kwanza, msanii mkuu wa akiba wa nafasi ile kubwa apewe mazoezi kamili jukwaani, na taa na mitambo, hata mara moja, kabla ya jaribio la kwanza. Na nguo na wigi lake vitengenezwe sambamba na vya staa. Bajeti ya shoo ya aina hiyo inahesabiwa kwa mamilioni ya dola, nafasi ya mchana mmoja wa mazoezi na gauni moja imo.