Mfungamano wa kwanta: je, kuna kinachoupita mwanga kwa kasi?

Chembe mbili, tuseme elektroni, zinaweza kuandaliwa pamoja kiasi kwamba huwezi kuieleza kikamilifu hali ya moja bila kuitaja nyenzake. Huo ndio mfungamano wa kwanta. Zitenganishe upendavyo: ukipima spini ya hii (sifa ya chembe ambayo, ikipimwa kwa mwelekeo wowote, hutoa jibu moja kati ya mawili, juu au chini) ukakuta iko juu, papo hapo unajua kwamba ile nyingine, ikipimwa kwa mwelekeo uleule, itakutwa chini. Albert Einstein hakuridhika. Mwaka 1935, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, alidai nadharia ya kwanta, inayoeleza tabia za chembe hizo, haijakamilika, na mwaka 1947, katika barua kwa mwanafizikia mwenzake Max Born, alisema fizikia haipaswi kuwa na tendo la kimzuka kutoka mbali.

Wengi huliondoa fumbo hili kwa mfano wa kandambili. Umefika Tanga, unafungua mkoba, unakuta ya kushoto tu. Basi ya kulia imebaki Mombasa, na hakuna kilichosafiri. Mfano unavutia lakini unapotosha, maana kandambili ile ilikuwa ya kushoto tangu mwanzo. John Bell, mwanafizikia wa Ireland ya Kaskazini, alionyesha mwaka 1964 kwamba kama kila chembe ingebeba majibu yake tangu zilipoachana, na mwelekeo wa kila kipimo ukachaguliwa kwa uhuru, uwiano wa matokeo, yaani kiasi ambacho majibu ya pande mbili yanaendana, usingevuka kikomo fulani. Kwa namna moja ya kukokotoa, kikomo hicho ni 2. Hesabu za kwanta zinaruhusu hadi karibu 2.83.

Mwaka 2015, huko Delft, Uholanzi, watafiti walifungamanisha elektroni zilizo ndani ya almasi mbili, katika maabara zilizoachana kwa mita 1,280. Mwanga hukata umbali huo kwa takriban mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 4.27. Kuchagua mwelekeo na kusoma jibu kulimalizika kila upande kabla ya muda huo kuisha. Walipata 2.42. Maelezo ya kandambili yakaanguka.

Je, ina maana tunaweza kutuma ujumbe papo hapo? Hapana kabisa. Kaa kwenye maabara moja uandike unachokiona: juu, chini, chini, juu, nusu kwa nusu, bila mpangilio wowote. Mwenzako abadili mwelekeo, apime au aache, orodha yako itabaki na sura ileile. Wala huwezi kuilazimisha elektroni yako ijibu "juu", kwa hiyo huna hata herufi moja ya kumpelekea. Uwiano hujitokeza pale tu orodha mbili zinapolinganishwa, na kuzikutanisha kunahitaji kebo, redio au mtu wa kuzibeba, na hakuna kati ya hivyo kinachoushinda mwanga.

Isitoshe, kwa vipimo vya karibu wakati mmoja kama vile vya Delft, nadharia ya uhusianifu ya Einstein inasema mtazamaji mmoja ataona chako kimetangulia, na mwingine anayesafiri kwa mwendo tofauti ataona cha mwenzako. Sasa kipi kimekiathiri kipi? Ndiyo maana mimi naliona neno "tendo", alilotumia Einstein, linadai zaidi ya yaliyothibitishwa. Wapo wanaolitetea: wafuasi wa mwanafizikia David Bohm wanakubali kuna athari ya papo hapo, ila imefichika tusiweze kuitumia. Wafuasi wa mwanafizikia mwingine, Hugh Everett, wanasema matokeo yote hutokea, kila moja kwenye tawi lake la ulimwengu, kwa hiyo athari hiyo haihitajiki. Kwa jaribio kama la Delft, pande zote mbili zinatabiri tarakimu zilezile.