Maji ya ubongo na protini zinazoganda: yanayosemwa na yanayojulikana

"Maji ya ubongo yametuama tu, yanaukinga usigonge fuvu."
Kukinga, sawa. Kutuama, hapana. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, ilhali mwili hutengeneza kama nusu lita kwa siku. Piga hesabu uone yanabadilishwa mara ngapi. Mapigo ya mishipa ya damu huyasukuma yapenye kwenye nyama ya ubongo, na yanapotoka huondoka na taka, zikiwamo protini za amiloidi beta na tau.

"Protini hizo ni sumu."
Ubongo wenye afya huzitengeneza kila siku. Balaa ni pale zinapokunjika vibaya, zikashikana na kuganda.

"Basi mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, maji yake yatajaa amiloidi."
Hapa hata wasomi huteleza. Daktari akichoma sindano chini ya mgongo na kuvuta maji kidogo, amiloidi beta 42, aina mojawapo ya amiloidi beta, kwa kawaida hukutwa imepungua. Imeenda wapi? Imenasa kwenye mabonge ndani ya ubongo, haifiki tena kwenye maji. Tau, kinyume chake, hupanda. Ndiyo maana vipimo hivyo husomwa kwa pamoja.

"Usingizi huosha ubongo, imeshathibitishwa."
Pole pole. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba panya wakilala, nafasi kati ya seli za ubongo hupanuka kwa takriban asilimia 60 na amiloidi huondoka haraka zaidi. Mwaka 2024 utafiti mwingine, wa panya vilevile, ukapata kinyume: uondoaji hupungua usingizini. Lala vizuri, zipo sababu nyingine tele, ila mjadala huu haujafungwa.

"Maji yakikwama, ndiyo Alzheimer yenyewe."
Uhusiano upo, lakini unakwenda pande zote mbili: mtiririko dhaifu huacha protini zirundikane, na amiloidi ikijipaka kwenye kuta za mishipa, mtiririko nao huzidi kudhoofika. Kisha kuna wazee ambao maji yao hujikusanya na kutanua vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, hali iliyoelezwa na madaktari Hakim na Adams mwaka 1965. Mguu huburuzwa kana kwamba umegandishwa sakafuni, mkojo hauzuiliki, usahaulifu huingia. Baadhi yao wana amiloidi pia, wengine hawana kabisa. Mrija wa kupeleka maji tumboni huweza kuwarudishia mwendo. Kumbukumbu hurudi kwa shida zaidi.