Nguvu za Rais wa Marekani Ambazo Katiba Haikuziandika

Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Donald Trump alitia sahihi amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Haukupita muda, miradi ya VVU Kenya, Uganda na Tanzania ikapokea maelekezo ya kusimamisha kazi. Tangu hapo, kila ninapoalikwa kuzungumza na wananchi kuhusu siasa za Marekani, hilo ndilo huulizwa kwanza. Bunge lao lilikwisha kupitisha zile fedha, sasa mtu mmoja anapata wapi uwezo wa kuzizuia kwa kalamu? Muuguzi mmoja aliniuliza kwa namna ambayo haijanitoka kichwani: “Mwalimu, hiyo ruhusa imeandikwa ukurasa gani?”

Tuanze na ukurasa wenyewe. Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani, inayomhusu rais, utaimaliza kuisoma kabla chai haijapoa. Inamfanya Amiri Jeshi Mkuu. Inampa haki ya kutoa msamaha. Inamruhusu kuteua majaji na mabalozi kwa ridhaa ya Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge lao, na kufunga mikataba na nchi nyingine ikiwa theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria watakubali. Inamtaka ahakikishe sheria zinatekelezwa ipasavyo. Kura yake ya turufu iko Ibara ya Kwanza, na Kongresi, yaani Bunge lao, inaweza kuitangua kwa theluthi mbili. Zaidi ya hapo, machache. Neno “amri ya rais” kwa maana tunayoijua leo hulikuti. Baraza la mawaziri kama chombo hulikuti. Vyama vya siasa havimo kabisa, wala kuwahutubia wananchi moja kwa moja.

Sehemu kubwa ya nguvu tunazoziona kwenye taarifa ya habari zimejengwa nje ya maandishi hayo, kwa mazoea, kwa ushawishi na kwa kuthubutu. Ujenzi ulianza mapema. Agosti 1789 rais wa kwanza, George Washington, alikwenda mwenyewe Seneti, wakati huo ikikaa New York, kuomba ushauri kuhusu mkataba na mataifa ya Wahindi Wekundu wa kusini, kama Katiba ilivyoelekeza. Maseneta wakataka suala lipelekwe kamati kwanza. Washington akakasirika. Alirudi siku ya pili yake ya kikao akapata alichotaka, lakini hakukanyaga tena pale kutafuta ushauri wa aina hiyo, na marais waliomfuata hawakuufufua utaratibu ule. Badala yake akazoea kuwaita wakuu wa idara zake na kushauriana nao, na baraza la mawaziri likazaliwa hivyo. Pia alikataa kugombea muhula wa tatu, na bila sheria yoyote mazoea hayo yakaheshimiwa hadi Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara ya tatu mwaka 1940. Ndipo Wamarekani walipoona haja ya kuyaandika, kwa marekebisho ya Katiba yaliyoidhinishwa 1951.

Ukitaka kuona nguvu isiyoandikwa ikifanya kazi, nenda kwenye mgomo wa makaa ya mawe wa 1902. Ndio mfano ninaoutegemea kuliko mwingine wowote, kwa sababu rais hakuwa na hata kifungu kimoja cha kushikia.

Mwezi Mei mwaka huo wachimbaji zaidi ya laki moja wa mashariki ya Pennsylvania waliweka chini sururu zao. Makaa waliyochimba ndiyo yaliyopasha joto nyumba za miji ya mashariki. Majira ya kiangazi yakapita, Oktoba ikafika, bei ikapaa, na watu wakaanza kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya theluji. Rais wa wakati huo, Theodore Roosevelt, hakuwa na mamlaka ya kuwalazimisha wenye migodi wala wafanyakazi. Mwaka 1894, katika mgomo wa reli, Rais Cleveland alikuwa amepeleka jeshi kuuvunja, na hiyo ndiyo njia iliyojulikana.

Roosevelt alifanya jambo ambalo hakuna rais aliyekuwa amelifanya. Tarehe 3 Oktoba aliwaita jijini Washington wenye migodi pamoja na John Mitchell, kiongozi wa chama cha wachimbaji, wakae chumba kimoja. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umeumia katika ajali ya gari la farasi mwezi uliotangulia. Akakiri mbele yao kwamba hana haki ya kisheria ya kuwaamulia, akazungumza kwa niaba ya watu watakaoganda kwa baridi. Mitchell akajibu kwa utulivu kwamba yuko tayari kukubali uamuzi wa tume itakayoundwa na rais. Wenye migodi wakakataa hata kuzungumza naye, na wakamkemea rais kwa kukaa meza moja na wavunja sheria.

Kikao kikavunjika. Lakini taarifa zake zilipochapishwa magazetini, nchi nzima ikajua nani alikuwa tayari kusikilizana na nani hakuwa. Roosevelt akaanza pia kuandaa mpango wa kupeleka jeshi likachimbe makaa, na habari hiyo ikawafikia wenye mali. Waziri wake wa vita, Elihu Root, akaenda kuonana na J. P. Morgan, tajiri wa benki aliyekuwa na sauti kwa wenye migodi. Kabla ya mwisho wa mwezi tume ilikuwa imekubaliwa na watu wamerudi migodini. Machi 1903 wachimbaji wakapata nyongeza ya asilimia 10 ya mshahara na saa fupi zaidi za kazi. Roosevelt aliufananisha urais na mimbari. Mwenye mimbari hana polisi, ila akisimama watu wananyamaza kusikiliza, na anayemkatalia hukataa mbele ya macho ya wote.

Mimbari ilipopata redio ikaingia majumbani. Machi 1933 mabenki ya Marekani yalikuwa yamefungwa kwa amri ya serikali, watu wakiwa wamekimbilia kutoa akiba zao. Jumapili usiku, tarehe 12, Franklin Roosevelt akaongea redioni kama mtu anayezungumza na jirani. Akaeleza kwamba fedha unayoweka benki haikai kabatini, inakopeshwa, na ndiyo maana wote wakiidai siku moja benki haiwezi kuilipa. Akasema fedha iko salama zaidi kwenye benki iliyofunguliwa upya kuliko chini ya godoro. Kesho yake mabenki yalipoanza kufunguliwa watu walipanga foleni, safari hii wakirudisha fedha. Kongresi ilikuwa imepitisha sheria ya dharura siku tatu kabla ya hotuba ile, lakini sheria haiingii chumbani kwa mtu kumwinulia godoro. Sauti ya rais iliingia.

Kuna ushawishi wa hadharani, na kuna ule wa simu, mlango ukiwa umefungwa. Fundi wa huo wa pili alikuwa Rais Lyndon Johnson. Mwaka 1964 muswada wa haki za kiraia, wa kupiga marufuku ubaguzi wa rangi, ulikwama Seneti, maseneta wa kusini wakiongea zamu kwa zamu wiki baada ya wiki ili kura isipigwe. Kufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili, na chama cha Johnson, Democratic, kiligawanyika. Johnson aliwahi kuongoza wabunge wengi wa Seneti, alimjua kila mtu, deni lake, hofu yake na anachojivunia. Alimwandama Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa chama pinzani cha Republican katika Seneti, huku akihakikisha sifa za ushindi zitamwangukia Dirksen mwenyewe. Tarehe 10 Juni mjadala ukafungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Simu zake nyingi zilirekodiwa na sasa mtu yeyote anaweza kuzisikiliza. Utamsikia akibembeleza, akisifia, akitania, kisha akikaza. Amri ni chache mno.

Sasa tuje kwenye kalamu. Amri za rais husimama juu ya madaraka ya Katiba au ya sheria ambazo Kongresi imekwisha kumpa, na kila rais huvuta tafsiri upande wake. Mwaka 1948 Rais Truman alipiga marufuku ubaguzi wa rangi jeshini kwa amri, wakati Kongresi isingepitisha sheria hiyo. Tarehe 1 Machi 1961 Rais Kennedy alianzisha kwa amri Peace Corps, shirika la kupeleka Wamarekani wa kujitolea nchi nyingine; sheria ya Kongresi ilikuja Septemba. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake, wakiwemo wapima ardhi na wahandisi, mwaka huohuo wa uhuru. Lakini kalamu hiyohiyo, mkononi mwa Franklin Roosevelt Februari 1942, ndiyo iliyofungua njia ya kuwaondoa majumbani mwao na kuwaweka kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani. Sioni namna ya kufundisha amri za rais bila kuitaja hiyo, na watu hao waliyaishi matokeo yake hadi vita vilipoisha.

Udhaifu wa kalamu ni kwamba inafutika. Marekani ilijiunga na makubaliano ya Paris ya tabianchi mwaka 2016 kwa uamuzi wa Obama bila kura ya Seneti, ikatoka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 ikaamriwa kutoka tena. Na nguvu ya mimbari inapungua pamoja na imani ya watu. Kura za maoni za Gallup zilionyesha asilimia 90 ya wananchi wakiridhika na kazi ya Rais George W. Bush baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Mwaka 2008 alishuka hadi 25. Truman alikuwa na asilimia 22 Februari 1952, vita vya Korea vikiwa vimewachosha watu. Miezi miwili baadaye akatwaa viwanda vya chuma ili mgomo usisimamishe uzalishaji. Mahakama ya Juu ikamzuia kwa kura sita dhidi ya tatu. Jaji Robert Jackson akaandika maoni ambayo wanasheria wa Marekani wanayashikilia hadi leo: rais ana nguvu kubwa kabisa anapotenda kwa idhini ya Kongresi, na ndogo kabisa anapotenda kinyume na matakwa yake.

Kwa kipimo hicho ndipo ninaporudi kwa muuguzi. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulitangazwa na Bush katika hotuba yake ya Januari 2003, akiomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Hiyo ilikuwa mimbari. Mwezi Mei Kongresi ikaugeuza kuwa sheria, na ndiyo maana umedumu kupita marais wa vyama vyote viwili. Sheria ya 1974, iliyotungwa baada ya Rais Nixon kuzuia fedha zilizokwisha kuidhinishwa, inamkataza rais kukalia fedha za bajeti kwa sababu tu hazipendi. Kwa hiyo ruhusa aliyoitafuta muuguzi yule haiko ukurasa wowote ulio wazi. Rais alidai anayo, kesi zikafunguliwa mahakamani, na wakati zinabishaniwa, kliniki zilikuwa zimekwisha kufunga milango.

Kilichofuata kinaonyesha nguvu nyingine isiyoandikwa, ile ya kuwa kinara wa chama. Julai 2025 Kongresi yenye wabunge wengi wa Republican ilipitisha ombi la Trump la kufuta takriban dola bilioni 9 zilizokwisha kuidhinishwa, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Wengi walimfuata. Ila ombi la awali lilikuwa limegusa pia dola milioni 400 za PEPFAR. Maseneta kadhaa wa chama chake wakasema hizo haziguswi, wakamwambia hivyo bila kukwepa, naye alihitaji kura zao. Zikaondolewa kwenye muswada.